Nilisifia Magazini Ambayo Sikuwa Nimeijaribu

Posti ya leo ni ndefu na haina kiki. Ni ya mtu kukubali alikosea, na nimeihepa wiki tatu nzima.

Wale mmekuwa hapa tangu mwanzo mnajua stori yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikiwa nasomea uhandisi wa mitambo, karo ikiwa imekataa kulipika. Nikarudi Isiolo, nikaanza kurekodi vitu na simu. Chaja, betri, spea za bodaboda, viatu vya sokoni. Swali langu lilikuwa moja tu: hii kitu ya bei nafuu inafanya kazi kama ile orijino ama tunaibiwa? Mkapenda. Hivyo ndivyo ninakula.

Sasa kuna video moja ya mwaka huu ambayo wengi wenu mlifika hapa kupitia hiyo. Ile ya magazini ya bastola, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Hiyo ndiyo nataka tuongelee.

Kwanza wacha niweke jambo moja wazi, kwa sababu najua niko wapi. Hapa kwetu ukitaja bunduki, hakuna mtu anafikiria mchezo. Watu wanafikiria mifugo iliyoibwa usiku, barabara ya kwenda kaskazini, na matanga. Mnakumbuka Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 kule Ngong. Zile hazikuwa za kulenga shabaha. Kwa hivyo hii sio posti ya kukuambia utafute silaha. Raia wa Kenya anamiliki bastola kwa cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ukishikwa nayo bila cheti, hiyo ni jela, haijalishi una wafuasi wangapi. Mimi sina cheti. Katika hii stori yote sikushika bastola hata mara moja. Kazi yangu ilikuwa kushika simu.

Mwenye cheti ni abti wangu. Kwa wale hawajui Kisomali, abti ni mjomba, ndugu ya mama, na yeye pia ananiita abti, ndivyo tunaitana. Anafanya biashara ya ngamia na mbuzi, anasafiri na pesa, na alipata bastola yake kihalali miaka kadhaa iliyopita kwa sababu ya hizo safari. Baadaye rafiki yake wa Nairobi akampeleka kutazama mashindano ya kulenga shabaha, na mzee akanaswa kabisa. Mtu ambaye hata mpira hatazami!

Mchezo wenyewe unaitwa IDPA. Ulianzishwa Marekani mwaka 1996. Wazo lake ni kushindana na bastola ya kawaida, ile mtu anatembea nayo, sio ya Olimpiki yenye mpini wa kuchongwa. Hapa Kenya makao yake makubwa ni Kirigiti, Kiambu, ambapo mwaka 2022 palifanyika mashindano ya Afrika. Unawekewa shabaha za kadibodi, zingine nyuma ya kuta za kuigiza, taima inalia, unaanza. Muda wako unaandikwa. Kila pointi unayopoteza kwenye shabaha inaongeza sekunde 1. Mwenye muda mdogo anashinda. Na hapa ndipo kitu muhimu kilipo: bastola yako ikikwama, taima haisimami. Hakuna kurudia kwa sababu chombo chako kimekuangusha. Hiyo ni shida yako.

Sasa, kwenye kundi la abti magazini inajazwa risasi 10 tu, hata kama ina nafasi ya zaidi. Na kituo kimoja kinaweza kuhitaji hadi risasi 18. Kwa hivyo lazima ubadilishe magazini katikati, na washindani wengi wanabeba tatu, kwa sababu ukikosa shabaha mara mbili tatu, ya pili nayo inaisha. Bastola ya abti ilikuja na mbili. Alitaka ya tatu na ya nne.

Akaniuliza mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu ndiye mtu wa spea kwenye familia.

Nikaingia kwenye simu usiku mmoja, nikatazama video za Wamarekani, nikarudi na jibu. Zile za kampuni iliyotengeneza bastola ni ghali. Kuna za kampuni nyingine, zinaingia kwenye bastola ile ile, kwa karibu nusu ya bei. Nikamwambia, "Abti, chukua hizi. Magazini ni sanduku na springi. Zile zingine unalipia jina."

Akaagiza mbili kupitia kwa muuzaji wake mwenye leseni. Zilipofika, nikamwomba azitoe mezani, zikiwa tupu, bastola ikiwa imefungiwa mbali, nirekodi. Nikaziweka kando ya orijino kwenye mkeka, mwanga wa jioni ukiingia vizuri. Nikarudia ile laini yangu ya sanduku na springi. Nikamalizia, "Usilipie jina." Video ikapita kila kitu nilichowahi kuposti.

Mnaona kosa tayari? Hakuna risasi hata moja ilikuwa imepitia kwenye zile magazini. Nilikuwa nimezishika kwa dakika kumi. Nilijaribu chaja kwa wiki nzima kabla ya kuisifia, lakini kitu cha silaha nilikisifia kwa sababu kilionekana vizuri kwenye mkeka.

Abti naye hakuzijaribu. Sio uvivu. Huku kwetu hakuna mahali raia anaweza kwenda Jumamosi kupiga shabaha, na huwezi kutoka nyuma ya nyumba ukaanza kufyatua, labda unataka kulala ndani. Risasi zenyewe ni ghali. Kwa hivyo magazini zilikaa kwenye mfuko wa mlango wa gari, zikila vumbi la Isiolo, hadi siku ya mashindano.

Tulitoka usiku. Timau, Nanyuki, Karatina, karibu kilomita 280 hadi Kiambu, mzee akiendesha na mimi nikichagua nyimbo. Tulifika asubuhi na baridi ya huko imenipiga vibaya. Haikuwa mashindano makubwa, ni yale ya klabu, lakini abti alikuwa amefanya mazoezi ya mikono mikavu nyumbani miezi miwili, bastola tupu, kila usiku baada ya Isha. Alitaka, kwa mara ya kwanza, asiwe kati ya watano wa mwisho.

Vituo vitatu vya kwanza alitumia zile orijino kuanzia. Safi. Kituo cha nne akaanza na moja ya zile mpya, kwa sababu alikuwa anazizungusha ili zote zitumike. Taima ikalia. Risasi ya kwanza, ya pili, zote kwenye katikati. Ya tatu, kimya.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari, simu imelenga mgongo wake. Nikaona mkono ukigonga chini ya magazini, ukavuta slaidi nyuma, risasi moja ikaruka chini. Akafyatua. Ikatoka. Nyingine, ikakwama tena. Risasi ilikuwa imesimama, pua imeangalia juu, imebanwa na slaidi kama mtu amefungiwa mlangoni. Akagonga tena, akavuta tena. Mwishowe akaitoa ile magazini, akaingiza orijino na kumaliza. Kituo ambacho mtu wa kiwango chake alikuwa anamaliza kwa sekunde ishirini hivi, yeye alitumia arobaini na moja.

Hakusema kitu. Msimamizi wa usalama alihakikisha bastola ni tupu, abti akairudisha kiunoni, akaanza kuokota magazini zake mavumbini. Hakuniangalia. Wasee, ningependa angenigombeza.

Alimaliza wa tatu kutoka mwisho.

Baada ya mashindano, mama mmoja mhasibu, ambaye amepiga shabaha miaka mingi, alimwomba abti ile magazini. Tukaenda kwenye meza ya usalama, haikuwa na risasi. Akatoa kifuniko cha chini, akachomoa springi, akaiweka kando ya springi ya orijino. Akaniita, "Kijana, kuja uone, na uzime hiyo simu kwanza."

Springi ya ile mpya ilikuwa fupi, na ukiibonyeza na kidole inakubali haraka. Akanieleza kazi yake. Ukifyatua, slaidi inarudi nyuma, inatupa ganda, halafu inarudi mbele ikisukuma risasi inayofuata kwenye chemba. Yote hayo ni kabla hujapepesa jicho. Katika muda huo mdogo, springi lazima iwe imeinua foleni nzima ya risasi, na ile ya juu iwe mahali pake hasa. Springi ikichelewa, slaidi inapita kabla risasi haijafika, ama inaigonga vibaya na kuisimamisha.

Kisha akanionyesha midomo ya magazini, zile kingo mbili za juu zinazoshika risasi isiruke. Ndizo zinazoamua risasi inatoka saa ngapi na kwa pembe gani. Zikifunguka kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, risasi inaachiliwa mapema na pua inaelekea juu. Halafu kile kibao ndani kinachobeba risasi, kikiyumba, risasi zote zinainama. Mwisho akapitisha kitambaa cheupe ndani ya sanduku. Kilitoka na rangi ya barabara ya Isiolo.

"Sanduku na springi," abti akasema. Laini yangu mwenyewe. Mama akacheka, mimi nikataka kuingia chini ya meza.

Njiani kurudi nilianza kusoma, safari hii vizuri. Nikapata stori ambayo ingenisaidia miezi miwili mapema. Jeshi la Marekani lilipoingia Iraq mwaka 2003, wanajeshi walilalamika kwamba bastola zao za M9, za Beretta, zinakwama. Watu wakalaumu bastola. Lakini sehemu kubwa ya shida ilikuwa magazini. Zilikuwa zimetengenezwa na kampuni nyingine iliyopewa tenda, na zilikuwa na mpako wa fosfeti wenye mkwaruzo, kama jeshi lenyewe lilivyoagiza. Mchanga laini wa kule ukashikilia ule mkwaruzo, risasi zikawa zinapanda polepole. Baadaye zikaletwa zenye mpako laini. Yaani bastola nzuri, jeshi lenye pesa zote za dunia, na kitu kilichowaangusha ni kile kisanduku cha bei ya chini kuliko vyote, kwenye vumbi.

Sasa usikimbie kusema, "Basi nunua orijino tu." Hapo pia nilijifunza. Kuna kampuni ya Italia inaitwa Mec-Gar, inatengeneza magazini tu, na kampuni kadhaa kubwa za bastola zimenunua kwake magazini zinazouzwa na bastola zao. Ukinunua ya Mec-Gar yenye jina lake, unaweza kuwa umenunua kitu kutoka kiwanda kile kile, bila nembo ya bastola. Kwa hivyo ile hoja yangu ya "unalipia jina" ina ukweli ndani yake, mara nyingine. Kosa ni kwamba sikujua ni mara gani, na niliongea kama najua.

Ningeweza kuishia hapo, niseme abti alipoteza kituo kimoja, maisha yanaendelea. Lakini siku tano baada ya kurudi, nilipata ujumbe kwenye inboksi. Mfanyabiashara mmoja, mtu wa mifugo kama abti, ana cheti. Aliandika kunishukuru. Alikuwa amenunua magazini hiyo hiyo kwa sababu ya video yangu, na ndiyo anatembea nayo kwenye bastola akiwa safarini. Hashindani popote. Hakuna taima. Anaendesha kwenye barabara ambayo sote tunaijua, na pesa za mauzo.

Nilisoma ule ujumbe nikiwa kwa kinyozi. Nikatoka nje kichwa kimenyolewa nusu.

Nikampigia. Nikamwambia ukweli wote: sikuijaribu, niliona ikikwama mara mbili kwenye risasi tano, arudishe ile iliyokuja na bastola yake leo hii. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, kwa upole sana, "Sasa ndugu yangu, mimi ningejuaje?" Sikuwa na jibu. Bado sina. Yeye alikuwa ananiamini mimi nijue kwa niaba yake, ndiyo maana anafuata hii kurasa.

Nikataka kufuta video. Abti akakataa. "Abti, ukiifuta, wale walioiona wataendelea kuamini. Iache, na uweke nyingine juu yake." Ndiyo hii. Video ya zamani sasa ina maandishi juu yanayosema nilikosea, na nimewajibu mmoja mmoja wote walioandika kwenye komenti kwamba wamenunua.

Kwa wale wenye vyeti na mnashindana, hivi ndivyo abti anafanya sasa, kwa maelekezo ya yule mama. Sio sheria, ni utaratibu wake.

Kila magazini ina namba, imeandikwa chini na rangi nyeupe. Moja, mbili, tatu, nne. Bila namba, ikikwama moja hutajua ni gani, na utalaumu bastola ama risasi.

Haendi nayo kwenye mashindano wala safarini kabla haijapitisha risasi 100 kiwanjani bila kukwama, na ziwe risasi za aina ile ile atakayotumia. Anaipunguza bei ya zoezi kwa kuzigawanya: kila akienda, anajaribu moja.

Anaangalia vitu viwili zaidi. Risasi ya mwisho ikitoka, slaidi inabaki nyuma? Akibonyeza kitufe, magazini inaanguka yenyewe ama inabidi aivute? Ukiivuta, sekunde zimeenda.

Za mazoezi na za mashindano ni tofauti. Za mazoezi zinaangushwa kwenye changarawe siku nzima. Za mashindano zinakaa kwenye mfuko uliofungwa, sio mlango wa gari.

Anazifungua na kuzipangusa na kitambaa kikavu. Bila mafuta ndani, kwa sababu mafuta na vumbi letu ni uji. Na springi inachoka kwa kubonyezwa na kuachiliwa mara nyingi, kwa hivyo inabadilishwa. Springi ni bei rahisi kuliko magazini.

Ikikwama mara mbili bila sababu anayoijua, haina rufaa. Ile ya kituo cha nne aliiandika MAZOEZI na rangi nyekundu. Ya pili ya aina hiyo hiyo, na hii ndiyo inanichekesha, imepitisha zile 100 bila shida. Bei moja, mfuko mmoja. Kwa macho zinafanana kabisa. Ndiyo maana siwezi kukwambia "ya kampuni fulani ni mbaya" ama "ni nzuri". Naweza tu kukwambia hii namba tatu imekataa na hii namba nne imekubali.

Nimefikiria hiyo sana, kwa sababu zangu. Mnajua kila wiki kuna mtu kwenye komenti anaandika, "Huyu hata chuo hakumaliza, tumsikilize kwa nini?" Na nimekuwa nikijibu kwa ukali, kwamba cheti ni jina tu, niangalieni kazi. Mimi mwenyewe ni spea ya kampuni nyingine, sina muhuri. Bado naamini mtu asihukumiwe kwa muhuri. Lakini kama sina muhuri, basi kitu pekee nilicho nacho ni kwamba nimejaribu kabla ya kusema. Ile video ilikuwa mtu asiye na cheti na asiye na jaribio. Huyo haters wako sawa kutomsikiliza.

Kwa hivyo kuanzia leo kila video itakuwa na neno moja pale mwanzo: NIMEJARIBU ama SIJAJARIBU. Ikiwa sijajaribu, nitaongea bado, lakini utajua. Na vitu vya silaha sitavisifia tena kabisa. Nitarekodi mashindano, kwa sababu mchezo ni mtamu na nataka muuone, lakini ushauri wa vifaa tafuta kwa wale wanaopiga.

Abti ana mashindano mengine mwezi ujao. Ameniambia nitakuja, na wakati huu nitabeba kitambaa cheupe.

Wewe je, ni kitu gani ulishawahi kusifia kwa rafiki bila kukijaribu, na kikamwangusha? Niandikie kwenye komenti. Na kama ulinunua ile magazini kwa sababu yangu na sijakujibu bado, inboksi iko wazi. Wewe ndiye wa kwanza.